Jelagat na Tuta la Kabuchai

Wazee wa ukoo, wachungaji, majirani na wote mliofanya kazi naye, nasoma haya mimi mumewe, Absalom, kwa niaba ya familia.

Jelagat Kigen alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Endebess, karibu na Kitale, na utotoni alichunga ndama kwenye mashimo ya mviringo ambayo wafugaji wa kale walichimba ili kulaza mifugo yao, hata akadhani kwamba kila shamba duniani lina mashimo kama hayo. Alisoma shule za huko kwao, na mwaka 1992 akahitimu shahada ya akiolojia jijini Nairobi.

Tangu 1993 hadi 2023 alikuwa mtafiti, akichimbua tope la vinamasi na kuchunguza chavua na makaa yaliyomo, apate kujua msitu ulichomwa lini, wimbi ulipandwa lini, na kama nyasi zililetwa na mvua au na ng'ombe. Hakupenda Mlima Elgon uitwe pori, kwani alisema watu waliutengeneza, nao ukawatengeneza.

Tulifunga ndoa mjini Kitale tarehe 7 Desemba 1996, tukajaliwa Nabwile na Kizito. Alipofika hapa Kabuchai alituonyesha kwamba lile tuta la nyuma ya nyumba, ambalo sisi tulianikia mahindi, ni ukuta wa boma la kale. Mdogo wangu Hesbon alitaka kulisawazisha kwa trekta apande miwa, akamwambia, "Shemeji, si hiyo ni mchanga tu?" Naye akamjibu, "Haya, lima, lakini kaburi langu utalizunguka, bana." Wakacheka, na trekta ikaahirishwa.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliomba azikwe juu ya tuta, na alipofariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, wazee walikataa, kwa kuwa kwetu mke hazikwi nje ya ua. Juzi Hesbon alisimama mbele yao akaomba ua ndio usogezwe. Miche ya michongoma imepandwa leo asubuhi, na tuta sasa limo ndani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale, wenzake waliomtembelea hadi mwisho, na majirani waliochimba kaburi hili, wakaweka kando kila kigae walichokikuta.

Jelagat, pumzika kwa amani. Hapo hapatalimwa.