Fridolin Libenanga, Aliyeweka Tarehe Kila Asubuhi

Baba Paroko, wazee wetu mliotoka Mahenge na mliovuka kutoka ng'ambo ya mto, shikamooni, wafanyakazi wenzake marehemu, majirani na jamaa wote, mimi ni Ursula Libenanga, mdogo wake marehemu wa kumfuatia, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu, kama walivyosema jana kwenye kikao, nimesoma hadi chuo kikuu, Mlimani, sababu ambayo mkinisikiliza hadi mwisho mtaona kwamba haikuwa nzuri sana.

Marehemu Fridolin Wendelin Libenanga alizaliwa Kivukoni siku ya Ijumaa, tarehe 1 Machi 1957, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu Mzee Wendelin Libenanga na Mama Brigita, ambaye yupo hapa mbele yetu, na akabatizwa mwezi huohuo, nayo tarehe hiyo naisoma kwa uhakika kwa sababu mwenyewe aliipigania, maana alipoandikishwa darasa la kwanza mwaka 1965 mwalimu aliwaandika watoto wote waliokuja bila cheti cha ubatizo kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, darasa zima siku moja, na Fridolin alipoligundua hilo akiwa darasa la tano alitembea peke yake hadi parokiani, akaomba cheti, akarudi nacho kwa mwalimu mkuu, akasimama mlangoni mpaka tarehe ikafutwa na kuandikwa upya. Mama anasema siku hiyo alirudi jioni na miguu imevimba, akamwambia, "Mama, sasa nimezaliwa."

Kuvimba kwa miguu ile hakukutokana na mwendo peke yake, kwani alipokuwa na miaka kumi aliugua homa iliyoshika viungo vyote kwa wiki sita, akapona, au tulidhani amepona, kumbe homa ile ilimwachia milango ya moyo imeharibika, jambo ambalo hakuna aliyelijua kwa zaidi ya miaka ishirini.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akaendelea na sekondari mkoani Iringa hadi kidato cha nne mwaka 1975, akasomea upigaji chapa na ukarani mjini Morogoro, na kuanzia Julai 1979 hadi Juni 1980 alikuwa Jeshi la Kujenga Taifa katika kambi ya Chita, ambako kazi kubwa ilikuwa mpunga. Naomba mkumbuke huo mwaka, nitaurudia.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa kuwa karani katika mradi wa utafiti wa malaria hapa Ifakara, na tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Yosefina, ambaye alimwona mara ya kwanza stesheni ya Chita akigombana na mpima mizigo, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Eveline aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1985, Beno aliyezaliwa tarehe 22 Juni 1989, na Careen aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1994, wote wenye vyeti, wote wenye tarehe sahihi.

Kompyuta ya kwanza ilifika mradini mwaka 1991, ikavishwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na kwa miezi mitatu ilikuwa inaonyeshwa kwa wageni bila kuwashwa, hadi marehemu alipoomba kitabu chake cha maelezo akakisoma nyumbani mwanzo hadi mwisho, na barua za kompyuta zilipoanza kupita kwa redio kwenda Dar es Salaam mwezi Agosti 1995 hapakuwa na mwingine wa kukabidhiwa. Barua ikikwama kwenye sanduku la kutoka alijua ni ipi iliyoziba njia, kwa kawaida ilikuwa ya mtaalamu mmoja aliyemtumia mchumba wake picha, aliitoa pembeni nyingine zikapita, na faili la barua likinenepa mpaka programu ikawa inafunguka na kujifunga, alilikatakata kwa miaka, barua za mwaka jana huku, za mwaka huu kule, ikatulia. Mtu akiingia na kusema mashine imeharibika, Fridolin alijibu, "Haijaharibika, imeambiwa vibaya," kisha akauliza swali lake ambalo wenzake walikuwa wanamwigiza nalo hata kantini, "Tarehe inasema ngapi?"

Swali hilo lilitokana na siku ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 1996, ambapo kikosi cha kukamata mbu kilitakiwa Namawala saa mbili asubuhi, wenyeji wakawa wamechinja kuku na kupika wali, wakangoja hadi jua likazama, na hakuna aliyetokea, kwa sababu ratiba ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imekaa kimya ikisubiri mwaka 1996 ufike, maana kwake yeye ilikuwa ni tarehe 1 Januari 1980. Marehemu aliifungua, akakuta kijibetri kidogo mfano wa kifungo cha shati, ambacho kazi yake ni kuikumbusha mashine tarehe umeme unapokatika, kimekufa, na umeme wetu mnaujua. Alipocheka alicheka peke yake, akamwambia dereva wao, ndugu Sayi, "Nayo imeandikishwa na mwalimu wangu."

Aliandika kuomba kijibetri hicho mara tatu, Desemba 1996, Julai 1997 na Januari mwaka huu, ombi la kwanza likajibiwa kwa betri nne kubwa za tochi kutoka stoo na sahihi juu yake, la pili likajibiwa kwamba mashine itapelekwa Dar es Salaam kukaguliwa, la tatu halijajibiwa bado. Kwa hiyo kila asubuhi ya kazi, kwa mwaka mmoja na miezi minne, marehemu alifika kabla ya wote, akatazama kalenda ya Jimbo iliyotundikwa ukutani, akaweka tarehe na saa kwa mkono wake, akaweka alama ya penseli kwenye kalenda, ndipo akafungua barua, na hakuna aliyemshukuru kwa sababu hakuna aliyeona tatizo, kwani ndivyo kazi ya namna hiyo ilivyo, ikifanywa vizuri haionekani kabisa.

Ugonjwa wa moyo uligunduliwa mwaka 1991, akapewa dawa, akafanya kazi, na mwezi Januari mwaka huu, katika mvua hizi zisizokatika, akaanza kukosa pumzi akipanda ngazi tatu za ofisi. Alilazwa Ijumaa tarehe 6 Machi 1998. Daktari wa wodi alitueleza bila kuzunguka kwamba dawa zimefika mwisho, linalobaki ni upasuaji, na kwamba madaktari wa moyo kutoka nje wangekuwa Dar es Salaam kuanzia tarehe 30 Machi, orodha ya wagonjwa ingefungwa Jumatano tarehe 25 Machi, majina hayapokelewi kwa simu, na asiye na jina hapokelewi mlangoni hata akibebwa na machela. Jina lilipaswa kwenda kwa barua ya kompyuta.

Kabla ya kulazwa marehemu alikuwa amebandika karatasi kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta, imeandikwa kwa herufi kubwa, "KILA ASUBUHI KABLA YA YOTE, TAREHE," na karatasi hiyo ilitolewa asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Machi kwa agizo la mkuu wa utawala, Bwana Fidel, kwa kuwa wafadhili walikuwa wanatembelea na ilionekana ni uchafu. Kikao cha jana kiliniomba nisilisome hili. Bwana Fidel yupo hapa, amekuja na shada kubwa, nami simsomei hukumu, kwa sababu aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo saa tisa alasiri siku hiyohiyo, baada ya umeme kukatika usiku kucha, akiwa na maelezo ya daktari mkononi, nilikuwa mimi. Karani kijana aliniuliza, "Dada, unaijua hii programu?" nikamwambia naijua, mtu wa Mlimani ningesemaje, nikapiga barua, nikabonyeza, kioo kikaandika kwamba imetumwa, nikarudi wodini na habari njema.

Kaka alikuwa amekaa, kwa sababu kulala kulikuwa kunamkaba. Akaniuliza, "Imekwenda?" nikasema imekwenda. Akauliza, "Tarehe ilisema ngapi?" nikasema, "Ya leo, Kaka, kwani kuna nyingine?" Akaniangalia, akasema, "Ursula, uliiona?" na mimi, ambaye nimewafokea wanafunzi wangu miaka kumi kwa kujibu wasichokiona, nikamwambia, "Nimeiona."

Tarehe 16 Machi nilipanda treni kurudi kazini Mbeya. Jibu halikuja. Jumanne tarehe 24 Machi, siku moja kabla ya orodha kufungwa, marehemu alimtuma Sayi ofisini akaangalie barua ile imebeba tarehe gani, na Sayi, ambaye alikuwa amefundishwa na marehemu mwenyewe mahali pa kubonyeza, aliambiwa mlangoni, "Wewe Sayi, hiyo siyo gia," wakacheka, akarudi. Shemeji Yosefina anasema marehemu alipoelezwa naye alicheka kidogo, kisha akaomba ageuzwe atazame dirishani. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Kupashwa Habari kwa Bikira Maria, ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kalenda ile, na orodha ikafungwa.

Niliporudi Jumamosi tarehe 28 aliniuliza tena, tukiwa wawili tu, na safari hii nikamwambia, "Kaka, sikuiona." Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema, "Basi ipo, haijapotea, itakuwa chini kabisa," kisha akanieleza kwa pumzi za kukatakata, kama anavyomweleza mgeni wa kwanza ofisini, kwamba programu ya yule anayepokea inapanga barua kwa tarehe, mpya juu, za zamani chini, na mtu mwenye kazi nyingi anasoma za juu, ndiyo maana barua ya mwaka 1980 inafika siku hiyohiyo, inahesabiwa imefika, na hakuna anayeshuka kuifuata. Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini, nikaweka tarehe, nikafungua barua zilizotumwa, nikaikuta, ya chini kabisa, 1 Januari 1980. Nikaituma upya. Siku hiyo madaktari walikuwa wameanza kupasua wengine.

Ndugu zangu, tarehe 1 Januari 1980 Fridolin alikuwa Chita, ana miaka ishirini na miwili, amesimama kwenye matope hadi magotini anapandikiza mpunga, na moyo wake haukuwa unamdai kitu. Hiyo ndiyo siku ambayo barua ile inasema mgonjwa huyu hawezi kungoja.

Marehemu alifariki wodini siku ya Ijumaa, tarehe 3 Aprili 1998, saa kumi na dakika kumi alasiri, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mke wake. Siku iliyofuata Sayi alikwenda ofisini, akaingia bila kumwomba mtu ruhusa, akakuta jibu lililoandikwa Dar es Salaam siku ya Alhamisi, likisema wamepokea barua yetu ya tarehe 30, wakatafuta ile ya kwanza wakaikuta chini ya zote, wanasikitika, orodha ilishafungwa, ila wamemweka Fridolin Libenanga wa kwanza kabisa kwenye orodha ya mwezi Oktoba. Sisemi kwamba angepona, daktari hakuwahi kutuahidi hilo na mimi sitawapambia leo, nasema tu kwamba angekuwa kwenye foleni. Asubuhi hii, kabla ya kuja kanisani, nimewaandikia waliondoe jina lake, ili Oktoba mtu mwingine asikose nafasi.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi, ambao hawakutudanganya hata siku moja, majirani waliopika na kuleta kuni kavu katika mvua ambayo hakuna kuni kavu, wanajumuiya, Baba Paroko, wafanyakazi wenzake wa mradi, na kwa namna ya pekee ndugu Sayi, aliyekwenda alipotumwa. Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, wadogo zake watatu, na kalenda moja ya Jimbo ambayo alama zake za penseli zinaishia tarehe 5 Machi.

Kaka, leo ni Jumatatu, tarehe 6 Aprili 1998. Safari hii nimeiona kwa macho yangu.

Pumzika kwa amani.