Salamu za Maroa kutoka Macalder

Siku ile nyumbani kwangu Macalder tulikuwa sita: mimi Bhoke, mume wangu Matiko, mtoto wetu Terry wa miezi minane, jirani yetu Mama Filister, mgeni wetu Mwalimu Mokeira, mwanamke aliyeandika kitabu cha mashairi, na kaka yangu Maroa, ambaye leo tunamzika. Nimeanza na siku hiyo kwa sababu tangu jana nasikia watu wakinong'ona kwamba Mokeira ndiye aliyetuletea kifo, naye ameketi pale nyuma akiwasikia.

Elkana Maroa Mwikwabe alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 hapa Isebania, kifungua mimba wa Mzee Mwikwabe na Mama Phelesia, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari Migori hadi 1980, na mimi kitinda mimba nilipoishia darasa la nane hakunicheka, alininunulia kamusi. Alifundisha miaka saba, na mwaka 1990 redio ikamwajiri kuendesha kipindi cha Kitabu Kipya, kila Jumamosi saa saba mchana, akahamia Homa Bay, akawa anawafuata waandishi na washairi hadi majumbani mwao akiwa na kinasa sauti begani, kitabu ameshakisoma mara mbili, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile, nani alikuwa wa kwanza kukusikia ukikisoma.

Tarehe 3 Desemba 1988 alifunga ndoa na wifi yangu Dolphine wa Rusinga, wakajaliwa watoto wawili, Stanley na Milka.

Alhamisi tarehe 16 Oktoba mwaka huu wa 1997 alirekodi mazungumzo na Mokeira kwangu, kwa kuwa mto wetu unasikika vizuri kwenye kanda. Alipomuuliza swali lile, Mokeira alijibu kwamba alimsomea baba yake kaburini, baba aliyekatwakatwa na wezi wa ng'ombe, halafu akasoma shairi la kiongozi wao, mwenye koti la kijani na mkono uliokosa vidole viwili. Jina hakulitaja, lakini nani hamjui?

Mwisho wa kipindi huwa ni salamu, na mimi nilikuwa nimemsumbua kaka miaka mitatu, "Wewe unasalimu watu wa Rusinga tu, sisi wa Macalder hatuna masikio?" Akacheka, akasema kwenye kanda, "Namsalimu dada yangu Bhoke, mke wa Matiko, pale Macalder kando ya mto, mpishi wa samaki, mgeni wetu yuko kwake hadi Jumapili maana hasafiri siku ya Sabato." Kanda ikaondoka na basi Ijumaa. Jumamosi saa saba tulisikiliza sote, nikapiga vigelegele kusikia jina langu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri nani mwingine anasikiliza.

Saa kumi walikuja wanaume tisa na mapanga. Mama Filister aliwaona kwanza, akamvuta Mokeira kwa mlango wa nyuma, akampaka tope gauni lake la kanisani, akamfunga leso kichwani, akamkalisha mtoni kati ya wanawake wanaochekecha dhahabu, akampa karai, na mwanamke ambaye hata moto hawashi siku ya Sabato akawa anaosha mchanga huku wawili kati ya wale wanaume wakipita karibu naye. Matiko walimvunja mguu kwa rungu. Kaka alisimama mlangoni, mimi na Terry tukiwa nyuma yake, yule mwenye koti akamwambia, "Mwalimu, ulisema redioni yuko hapa," naye akajibu, "Redioni nilisema. Wewe nakuambia hayupo." Walimkata mkono wa kulia, akashika fremu ya mlango kwa wa kushoto, wakaukata, akaegemea mlango kwa mgongo, wakamkata shingoni, na damu yake ikamwagikia mtoto wangu kichwani, lakini hawakupita.

Alifariki Jumanne tarehe 21 Oktoba hospitalini Homa Bay. Si Mokeira aliyetaja redioni mahali alipo, aliyeomba salamu ni mimi, na mwenye neno aniambie mimi.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemwosha kaka miguu ilhali iliyoumia ni mikono, dereva wa lori aliyemwaga mzigo wake wa mawe barabarani ili kaka alale, wanawake wa mtoni ambao hawakuinua macho, na wenzake wa redioni. Kaka, mlango umeushikilia vya kutosha, sasa uachilie, ulale.

Wiki iliyopita Mokeira alitumia kinasa sauti cha Maroa kumhoji kwa niaba yake mwandishi mmoja wa Rusinga, kipindi kikarushwa Jumamosi saa saba kama kawaida, na mwishoni hakusalimiwa mtu.