Dorkasi Shemhilu, Mwimbaji wa Sauti ya Kwanza

Wazee wetu, shikamooni, nanyi wafiwa wenzangu, poleni. Mimi ni Ernesti, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nimweleze Dorkasi kama alivyokuwa, bila kupunguza, maana yeye mwenyewe hakupenda habari zilizopunguzwa.

Dorkasi alizaliwa tarehe 3 Juni 1926 katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Muheza, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu Yeremia Shemhilu, mkata mkonge aliyeteremka kutoka milima ya Usambara, na mama yetu Kristina, akabatizwa mwaka huohuo. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1935 hadi 1940, akajua kusoma, kuandika, hesabu, na zaidi ya yote kuimba, na mwaka 1944 alihamia Tanga mjini, akapanga chumba Nguvumali, akawa mshonaji wa magauni ya ubatizo, na kila Jumapili akasimama mstari wa mbele wa kwaya.

Yapo mambo ambayo baadhi yetu wangependa niyaruke, nami sitayaruka. Kuanzia mwaka 1949, Dorkasi akiimba wimbo mrefu, midomo ilimfa ganzi, mikono ikajikunja, vidole vikabanana na kukataa kufunguka, na mara tatu alianguka kwa kifafa. Jumapili ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1952, alianguka katikati ya ubeti wa nne, wazee wa kanisa wakakaa kikao, wakaamua kwamba ana pepo asiyependa kusikia Bwana akisifiwa, maana hashikwi sokoni, hashikwi kisimani, anashikwa kwenye wimbo. Mzee Manase, mwenyekiti wao, ambaye amekaa pale mbele na tunamshukuru kwa kufika, alimtoa kwenye kwaya, na mwezi wa Mei akasimamisha matangazo ya ndoa yake na Rafaeli, fundi wa reli, mpaka pepo atoke. Aliombewa miezi kumi na minne, pepo akakaa tu. Dada yangu alilia, nami nililia naye, kwa sababu vitu viwili alivyovitaka duniani vilikuwa kuimba na kufunga ndoa kanisani, na vyote viwili alikuwa amenyimwa.

Aliyefumbua jambo hili ni jirani yake, Bi Semeni Kombo, Mdigo na Mwislamu safi, ambaye hajawahi kusikia mahubiri yetu hata moja. Siku moja ya Julai 1953 kuni zilikuwa mbichi, Dorkasi akapuliza moto kwa muda mrefu, na mikono ikajikunja vilevile mbele ya mafiga. Bi Semeni akamwambia, mwanangu, huyu pepo wenu mbona hana dini, hapa hapana wimbo wala msalaba, kilichopo ni pumzi, basi twende hospitali, na daktari akibisha tutampulizia moto mlangoni pake.

Walikwenda tarehe 4 Agosti, na daktari hakuhitaji moto. Alimfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, akakijaza upepo, akangoja dakika tatu, na mkono ukajikunja wenyewe bila pambio. Akapigwa eksirei ya kichwa, yakaonekana madoa meupe, upande huu na upande huu, ndani kabisa ya ubongo, fundi wa picha akadhani ni uchafu wa filamu, akapiga upya kutoka mbele na kutoka ubavuni, madoa yakawa palepale. Damu ilipopimwa ilikutwa imepungukiwa na chokaa, ile inayojenga mifupa, na daktari akaeleza kwamba vitezi vidogo vya shingoni vinavyoilinda chokaa ya mwili vilikuwa vimelala, kwa hiyo damu inaikosa huku chokaa nyingine ikiganda ubongoni, na mtu wa namna hiyo akihema kwa nguvu misuli hukaza. Alikiri kwamba ugonjwa huo aliwahi kuusoma kitabuni tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tukikitafuta kuzimu.

Alipewa vidonge vya chokaa na vitamini vya kumeza maisha yake yote, madoa hayakufutika, lakini mikono ilifunguka. Mwezi wa Oktoba aliingia kwenye kikao cha wazee na ile picha, akaiegemeza dirishani ili mwanga upite, akawaonyesha pepo wao, kisha akatandaza mikono juu ya meza na kuimba beti zote sita za wimbo ule wa Pasaka, na hakuna kidole kilichotikisika. Jumamosi tarehe 28 Novemba 1953 alifunga ndoa na Rafaeli, wakajaliwa watoto wawili, Ruthi mwaka 1955 na Safari mwaka 1957, na katika miaka hiyo aliwapeleka hospitali watu tisa walioitwa wenye pepo, mmoja tu, msichana wa Horohoro, akakutwa na ugonjwa kama wake.

Mwezi uliopita alishikwa na nimonia, akalazwa, akafariki Jumamosi tarehe 14 Machi 1959, akiwa na miaka thelathini na miwili, na hadi mwisho mikono yake ilikuwa imelegea mkononi mwa mumewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nguvumali, Bi Semeni ambaye kwetu ni mama, wanakwaya, washonaji wenzake na wafanyakazi wa reli.

Marehemu ameacha agizo moja. Hakutaka kwaya ianzishe wimbo kaburini, alitaka auanzishe Mzee Manase, ubeti wa kwanza hadi wa sita, kwa pumzi zake zote. Mzee wetu, tunakusubiri. Nawe dada, pumzika kwa amani, leo usikilize tu.