Kipa Gundi na Ndimi Mbili za Ilimba

Marehemu Yotham Chidosa, ambaye wapenzi wa mpira walimjua kwa jina la Gundi, alizaliwa Haneti tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa pekee wa kiume wa mzee Chidosa na mama Ruthu. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha shule ya kati Dodoma mjini. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mpira ukimfika mkononi haukutoka.

Mwaka 1971 aliitwa timu ya mkoa, akalinda goli hadi 1984, halafu akawa kocha. Watu walimbeba mabegani. Lakini jamani, kilichomtoa machozi hakikuwa kombe. Ilikuwa ilimba, kisanduku cha muziki cha ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, alichorithi kwa baba yake, chenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Kambini alijifungia kila jioni akapiga peke yake, kama mwenye ajira ya pili. Kocha alipomuuliza, "Gundi, wewe kipa au mganga?" alijibu, "Mwalimu, mchana mikono hii ni ya timu. Jioni niachie." Biashara zilipofunguliwa na kanda kujaa madukani, tajiri mmoja alitaka kumrekodi. Alikataa katakata.

Sababu aliijua Elieth, aliyefunga naye ndoa tarehe 9 Septemba 1973. Mzee Chidosa alipokata roho, mwaka 1969, Yotham alikuwa akimpigia ilimba pembeni ya kitanda. Ulimi mmoja ukanyamaza papo hapo. Haukuvunjika, haukulegea, fundi aliukaza, wapi! Yotham akaamini kuwa yeye ndiye aliyemwondoa baba yake kabla ya wakati, na hakumpigia mtu tena. Binti yao Loisi akinyoosha mkono tu, alifokewa: "Acha! Hii nitazikwa nayo." Mtoto akakua akidhani baba hampendi.

Novemba 1993 alipata kiharusi. Mikono iliyopangua penalti ikashindwa kushika kijiko. Loisi alimlisha uji nyumbani Msalato, naye akiitazama ilimba ukutani. Alasiri ya tarehe 14 Juni 1994 alisema, "Ishushe. Nipigie."

"Baba, si ulinikataza?"

"Nimechoka kuogopa, mwanangu. Piga."

Loisi akapiga wimbo aliousikilizia mlangoni tangu utoto. Katikati, ulimi wa pili ukanyamaza. Alidhani amekosea, akarudia. Kimya. Alipoinua macho, baba yake alikuwa ameshaondoka, uso umetulia. Tangu saa ile Loisi hakutia kitu mdomoni. Alirudia neno moja tu: "Nimemuua."

Jana, jeneza likiwa wazi sebuleni, ilimba iliwekwa kifuani pake kama alivyoagiza. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na hakuna aliyeigusa. Zile ndimi mbili bubu zikalia, mmoja ukiuliza, mwingine ukiitikia. Tuliokuwemo wote tulisikia, mchungaji akiwemo. Mama Elieth akaingiza mkono, akaitoa, akamkabidhi binti yake. "Chukua, mama. Wenyewe, babu na baba yako, wameshakutana, wala hawakudai kitu." Loisi akaangua kilio, kisha akaomba uji.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Bibi Ruthu; mjane, Elieth; watoto wawili, Loisi na Ebenezer; na dada yake, Evarista. Tukishamaliza kufukia, Loisi atapiga ilimba. Mtasikia akiruka mahali pawili. Msimcheke, hajakosea, hapo pana wenyewe.

Ee Mungu, mpe Yotham pumziko lenye amani.