Choo cha Othman Kimejaa

Haya, bisha. Bisha mapema tumalizane, maana habari ya choo cha Othman watu hucheka kabla haijafika mahali pa kuchekea, kisha wanasema ni uongo. Uongo wapi? Pale Chonyonyo, Karagwe, siku za Mdachi, mbele ya duka la Othman palikuwa na kijiwe, na kiti cha kijiwe kilikuwa mtumbwi mkuukuu wa kukamulia ndizi za pombe, umepinduliwa kifudifudi. Waislamu, ukimtoa mmoja, midomo yao haijui ladha ya lubisi, hiyo pombe ya ndizi, lakini makalio yao kila alasiri yalikuwa juu ya chombo cha lubisi, wakinywa kahawa. Ijumaa hiyo walitoka kuswali na kanzu zao nyeupe pe, wakakaa. Wote walikaa isipokuwa Zubeiri, mpwa wa Othman, muuza duka, aliyetoroka chuoni kabla hajamaliza juzuu ya kwanza na tangu siku hiyo hajawahi kukosa jibu la swali lolote. Walimwita Meli, kwa sababu alidai ameiona meli ya moshi mpaka tumboni mwake. Leo Meli alisimama, chetezo cha ubani mkononi, anafukiza kijiwe kama anafukiza harusi.

— Mbona hukai? akauliza Othman.

— Nina maneno mazito, mjomba. Nikikaa yatanivunja kiuno.

Na kweli jambo lenyewe lilikuwa zito. Choo cha Othman ndicho kilichokuwa choo cha wafanyabiashara wote wa pale, pamoja na kila msafara uliolala hapo. Sasa kilikuwa kimejaa. Mvua moja kubwa tu na kingeteremka chenyewe mpaka kwenye chemchemi. Askari wa boma alikuwa amepita, akakikagua kwa pua bila kuingia, akasema atarudi Jumatatu. Akikikuta hivyo, duka linafungwa. Othman naye alimgeukia mpwa wake: duka likifungwa, wewe unarudi kubeba chumvi kichwani njia ya Bukoba. Zubeiri alijipapasa utosi. Nywele ndiyo kwanza zilikuwa zinaota tena.

— Harufu leo imezidi, akasema Mzee Seif.

Huyu walimwita Pembe. Kwa maelezo yake, zamani alivusha pembe za ndovu Karagwe nzima. Siku hizi aliuza sindano.

— Ni upepo, mzee, akasema Zubeiri, akaongeza ubani.

— Upepo wenyewe unatoka wapi?

— Unatoka chooni, waitu. Utoke wapi tena?

Aliyejibu, na hiyo waitu yao ya heshima, ni Kaganda, Mnyambo, mwenye kibanja cha migomba nyuma ya duka. Mtumbwi ulikuwa wa babu yake, kwa hiyo alikaa katikati, mahali pa heshima, na shuka lake jipya. Kahawa yao hakunywa. Alitafuna buni zake kavu akiwasikitikia.

— Nyinyi mnachemsha buni, mnatupa buni, mnakunywa maji. Watu wa namna hiyo choo kitaacha kujaa?

— Kaganda, tupe ardhi kidogo tuchimbe shimo jingine, Othman akabembeleza. Uani kwangu ni mwamba mtupu.

— Kwenye kibanja changu? Mavi ya ng'ombe lete hata leo. Ya watu, hapana. Mgomba ukizaa, mkungu ule nitaula vipi? Nikimega ndizi nitakuwa namega Othman.

— Mimi ni mtamu, akasema Othman.

— Wewe una chumvi nyingi. Kila mteja wako anajua.

Mzee Seif akaweka kikombe chini, dalili kwamba safari imeanza.

— Tufanye msafara. Tutie kwenye mizigo, tukodi wapagazi, tupande kilima cha Kibingo, tuvuke mto, tukatupe huko ng'ambo.

— Gharama ataitoa nani, mzee? akauliza Othman.

— Hamjui biashara nyinyi. Zamani tulilipa hongo kila penye mwenye nchi ili tupite. Safari hii hongo watalipa wao, ili tusipite! Tunafika kijijini, tunatua mizigo, tunasema hapa tutalala. Watatupa mbuzi tuondoke. Tunarudi matajiri.

Kijiwe kikapima maneno hayo kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili. Othman alikuwa tayari ameanza kuuliza bei ya mbuzi ng'ambo.

— Ng'ambo kwenyewe wako wajomba zangu, akasema Kaganda.

Basi msafara ukafa.

Hapo Zubeiri akakohoa. Huu ndio wakati aliokuwa akiusubiri tangu asubuhi.

— Atakayesema mimi mwongo ainuke sasa hivi, aondoke.

Hakuna aliyeinuka. Kahawa ilikuwa haijaisha.

— Pwani, mimi kwa macho haya, nimeona uchafu wa mji mzima unatiwa mashimoni. Mashimo mapana, si marefu. Chini majani makavu ya mgomba, juu yake uchafu, juu yake majivu, tena majani, tena uchafu. Unafunika. Joto linapanda lenyewe humo ndani. Ukifunua, ni udongo mweusi, hauna harufu, unaweza kuulalia.

— Pwani mtaa gani? akauliza Mzee Seif, ambaye ni mzaliwa wa huko.

— Ule wa... mzee, ule wa karibu na bahari.

— Yote iko karibu na bahari.

— Ndiyo huo huo!

Othman lakini alishakolea. — Udongo huo tutaufanyia nini?

— Tutawauzia boma, mjomba. Bwana mkubwa ana bustani ya maua. Anatuamuru tusafishe choo, tunasafisha, kisha analipa kukinusa kikiwa maua!

Walicheka mpaka mtumbwi ukatikisika. Zubeiri alipoona unatikisika, yeye hakucheka.

Kikabaki kitu kimoja, mchango. Maana watu wa kukodi walishaulizwa, na kwa aibu ya kazi yenyewe walitaja bei ya kuolea mke.

— Kila nyumba itoe sawasawa, akasema Othman.

— Sawasawa kwa kipi? Mzee Seif akawaka. Mimi nala mara moja kwa siku. Wewe ukila, hata mlango unajua. Tutoze kwa tumbo!

— Wasafiri je? akauliza Othman. Wanalala usiku mmoja, wanaacha ya mwezi mzima.

— Watozwe wakiingia, akasema Mzee Seif.

— Wakiingia mjini au wakiingia chooni?

— Awekwe mtu mlangoni, akasema Kaganda, mwenye kuingia na uso wa haraka alipe zaidi. Huyo hatapatana bei.

— Kwani lazima tukodi? akauliza Zubeiri taratibu. Tupo wanaume wanne hapa. Tungetoa wenyewe.

Wakamtazama kama aliyetukana msikiti. Mzee Seif akaishika kanzu yake kwa vidole viwili.

— Na kanzu hii? Nyeupe hii?

— Shuka langu halijafuliwa hata mara moja, akasema Kaganda.

— Mtu safi hawezi, Zubeiri, akasema Othman. Angekuwa ameshachafuka, hapo sawa.

Zubeiri akayaweka maneno hayo akilini, mahali atakapoyapata.

Zuena, mkewe Othman, akatoka ndani na dele la kahawa.

— Shikamoo, Mzee Seif.

— Marahaba, bibi.

— Hii ni ya mwisho, buni zimekwisha. Nimewasikia tangu ndani. Nina swali moja tu. Mtachotea nini?

Ndoo zilikuwa za kuchotea maji ya chemchemi. Mitungi, ya kunywa. Debe la Othman lilikuwa la kupimia mtama. Kila mmoja alipita kwenye vyombo vya nyumba yake kimoyomoyo, akarudi mikono mitupu.

— Chombo kipo, akasema Zubeiri.

— Kipi?

— Mjomba, kwanza niahidi hutanipiga.

— Kipi?

— Leo alfajiri nilianza mwenyewe. Nilijua mtabishana mpaka Jumatatu. Nilitandika vigogo vya mgomba, vinateleza vizuri, nikaburuta. Nusu ya choo imeshatoka. Na chombo nilikiosha, wallahi nilikiosha. Nje tu. Tena gizani.

Aliyeelewa kwanza ni Kaganda, mwenye mali.

— Mtumbwi wa babu yangu!

Waliinuka wote kwa pamoja, kama wameitwa jina moja. Mzee Seif akageuka kutafuta mgongo wa kanzu yake, na kanzu ikageuka naye, wakazunguka hivyo mara kadhaa. Othman hakuhitaji kuzunguka. Zuena alimwambia yuko vipi.

— Na ndiyo maana ubani! Othman akanguruma. Na ndiyo maana hukai!

— Mjomba, si mlisema mtu safi hawezi? Sasa hapa kijiweni aliye safi ni mimi peke yangu.

Zuena akauinua upande mmoja wa mtumbwi, akauchungulia kwa ndani, akauachia.

— Kaa, akamwambia Zubeiri.

— Mkaza mjomba...

— Kaa.

Zubeiri akakaa. Kaganda, kwa kuwa ni mtumbwi wa babu yake, akambonyeza mabega akae vizuri.

Hivyo ndivyo suala la mchango lilivyokwisha. Kanzu zikafungwa viunoni, vigogo vikatandikwa upya, na kabla ya magharibi Mzee Pembe alikuwa akivuta kwa mbele huku akiwaimbia nyimbo za wapagazi. Kaganda alitukana kila hatua, lakini aliwaachia pembe ya kibanja, ile ya mwisho kabisa, isiyo na mgomba hata mmoja. Walitandaza majani, wakamwaga, wakatia majivu.

Othman, akiwa ameingia mpaka magotini, akasimama kupumua.

— Sasa, Meli. Huko pwani wanangoja siku ngapi mpaka uchafu uive?

Zubeiri akatazama majani. Akamtazama Mzee Seif, kisha utosi wake mwenyewe ukaanza kumwasha.

— Mjomba, kuna kipande sikukisema. Pwani sijafika. Nilimwona Kaganda anaivisha ndizi za pombe shimoni, anazifunika majani, zinapata joto. Nikasema, kama ndizi zinaiva...