Marehemu Halmashauri ya Kaunti ya Ossingshire, 1889–1974

Marehemu alizaliwa tarehe mosi Aprili 1889 mjini Ossing, ghorofani juu ya soko la nafaka. Ilikuwa siku ya wajinga, na kaunti jirani hazikuacha kumtania mpaka mwisho. Alikuwa mdogo kuliko zote, lakini mdomo wake haukuwa mdogo.

Shule hakwenda. Alijifunza kazi kwa kukosea, na daraja lake la kwanza lilisombwa na maji kabla halijazinduliwa. Baadaye aliiva. Alitengeneza barabara, alizimwagia chumvi wakati wa barafu ili magari yasiteleze, na alizing'ang'ania shule ndogo za vijijini. Shule ya Coldwick ilikuwa na watoto kumi na mmoja tu. Kila serikali kule London ilipotaka ifungwe, alikataa. Paa lilipovuja, Mwalimu Hester Orbell alipiga simu ofisini, na mwenyekiti, Bwana Cuthbert Arkwell, alifika mwenyewe na ngazi, leso ya chakula cha mchana bado ikining'inia shingoni.

Hakuolewa. Kaunti jirani ilimposa mara mbili, akaikataa. Mara ya tatu haikuwa posa tena, ilikuwa amri ya serikali: aunganishwe na jirani huyo, na jina lake lifutwe. Jirani alikwisha kutamka wazi kwamba Coldwick ataifunga.

Ugonjwa wake ulikuwa na dawa moja, nayo ni kupitisha pingamizi dhidi ya amri hiyo katika kikao cha mwisho kabla ya muda wa kupinga kwisha. Lakini kwa desturi yake, mambo ya London yalijadiliwa baada ya chai. Chai ikanywewa, keki ikaliwa, na wajumbe, wengi wao wafugaji, wakachukua kofia zao.

"Jamani, dakika kumi tu!" Bwana Arkwell aliwasihi. "Mkitoka, akidi imevunjika, hatuwezi kupiga kura!"

"Cuthbert, kamwambie ng'ombe wangu," alijibu Bwana Seth Lovell. "Kiwele kimejaa, huyo hajui akidi."

"Seth, huu ni uhai wa kaunti!"

"Bwana wee, London watangoja. Wanakwenda wapi?"

Mwenyekiti alibaki na wajumbe wanne na birika la chai. Hakuna kilichopitishwa. Mimi ninayesoma wasifu huu, Muriel Pask, mpwa wake mwenyekiti na mpiga chapa wa marehemu, nilikuwa mezani na karatasi ya pingamizi tayari kwenye mashine. Nilitamani kulia. Mpiga chapa hana kura.

Marehemu alifariki usiku wa kuamkia leo, tarehe mosi Aprili 1974, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano. Hakuna aliyekuwa kando yake. Ofisi zilikuwa zimefungwa.

Ameacha mwenyekiti asiye na kiti, wajumbe wanaoogopa kutazamana hapa makaburini, bango la mpakani lenye jina lake, tunalolizika badala ya mwili, na watoto kumi na mmoja wa Coldwick.

Asubuhi hii bomba la shule lilipasuka. Mwalimu Hester alipiga simu ofisini, kama alivyozoea. Nilikuwa pale nje ya ofisi kulichukua bango lililoletwa kutoka mpakani, na funguo nilikwisha kukabidhi jana. Niliisikia simu ikiita ndani, ikaita mpaka mwalimu akachoka.

Mungu ampe pumziko la amani. Sisi hatujui sasa tumpigie nani.