Mzee Unywele na Gia Zilizobadilishiwa Wenza

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi mkuu wa umaliziaji wa gia, ambaye karakana nzima humwita Mzee Unywele, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Wageni wanaomwona leo kwa mara ya kwanza watajiuliza jina hilo limetoka wapi, maana kichwani mwake unywele ni habari ya kale. Limetoka kazini.

Gia mbili zinapokutana, sharti kati ya meno yake ibaki nafasi ndogo ya kupitisha mafuta. Ikikosekana, gia hubanana na kupata moto. Ikizidi, huwa na ulegevu: ukibadili mzunguko, gia moja hutangulia, nyingine huchelewa, kisha zinagongana. Kuipunguza nafasi hiyo hadi iwe nyembamba kuliko unywele, bila kuiziba, ndiyo kazi aliyoipa maisha yake.

Aliajiriwa kuendesha mashine ya kukatia meno, akahamishiwa umaliziaji baada ya msimamizi wa wakati huo kugundua kwamba hawezi kuipita gia bila kuitikisa kwa kidole. Mkewe anatuarifu kuwa nyumbani ni yale yale. Hakuna kitasa wala kifuniko cha sufuria kilichosalimika, na cherehani ameshapigwa marufuku kuisogelea.

Gia ikitoka kwenye tanuri la kukomaza chuma huwa imejipinda kidogo. Hata ikisagwa upya, hubaki na upande ulionenepa na upande uliokonda. Mzee Unywele hakushindana na hali hiyo kwa kusaga bila kikomo. Kwa gia zenye idadi sawa ya meno, aliitafutia kila moja mwenzake, unene wa hii ukutane na wembamba wa ile, kisha akazisugua pamoja kwa dawa laini ya msasa mpaka ziafikiane. Mwisho aliweka nukta ya rangi kwenye jino moja la kila gia, ili atakayezifunga ajue ipi ni ya ipi.

Mwaka jana nukta hizo nusura zituzike. Mteja wetu mkubwa, mtengenezaji wa mikono ya darubini za upasuaji, alirudisha mzigo wa kwanza wa gia. Mkono uliruka kila ulipogeuzwa, na hakuna daktari anayepasua jicho kwa darubini inayoruka. Akarudisha na wa pili. Uongozi ukasema wazi: ukirudi wa tatu, idara ya umaliziaji itafungwa na mafundi wake wataenda nyumbani. Mzee Unywele angeweza kujikalia kimya akasubiri kiinua mgongo chake. Lakini hao ni watu aliowafundisha kwa mikono yake, naye hakulala vizuri. Akasaga kwa uangalifu zaidi. Mhandisi wa vipimo akapima kila kitu upya. Mezani petu gia zilikuwa timamu. Zikifika kwa mteja, mbovu.

Ikawa hivyo hadi siku alipokwenda stoo kuomba vitambaa, akamkuta mtunza stoo, ambaye ni kaka wa mkewe, amekunja mikono ya shati anaosha gia kwa mafuta ya taa. Shemeji alieleza kwa fahari kwamba mafundi ni wachafu, wanaacha madoa ya rangi kila mahali, naye aliona haya kumpelekea mteja wa heshima mzigo wenye madoa. Akishaziosha, alizipanga upya sandukuni kwa kufuata mng'aro. Yaani sisi tulikuwa tukifungisha ndoa ukumbini, naye akibadilisha maharusi mlangoni.

Mzee aliketi juu ya debe akacheka mpaka machozi. Alipouliza ni nani asiyejua alama ya fundi, shemeji yake alimjibu kwamba mtu ambaye mkewe humtafutia soksi kila asubuhi zifanane, hakuna ambaye angemdhania kuwa na habari za jozi.

Hakumshtaki. Aliuambia uongozi kwamba kosa ni la wawili, kwani hakuwahi kumweleza mtu yeyote nje ya idara maana ya nukta zile. Tangu hapo alama huchongwa ubavuni mwa gia, jozi hufungwa kwa waya, na ole wake anayeigusa waya hiyo mbele ya shemeji.

Mzigo wa tatu ukaenda. Mteja alipopiga simu kusema mkono unageuka kwa utulivu na kusimama unapotakiwa, hakuna aliyeshangilia. Watu waliketi tu, mmoja mmoja, kama waliotuliwa mizigo kichwani.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru mkewe, aliyetuazima mtu huyu kwa muda mrefu, na sasa tunamrudisha akiwa mzima. Nawe fundi wetu, afya njema ikusindikize, na siku zako ziende taratibu unavyopenda. Ulihofia kuwaona vijana wako wakitangulia kwenda nyumbani. Hakuna aliyetangulia. Wewe ndiwe wa kwanza kutoka, na kesho asubuhi wao watawasha mashine.